Wanafunzi 65, vipimapembe vinane: aina za pembetatu zifundishweje?

"Mimi ni mwalimu wa junior katika shule ya umma hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Nilisomea Baiolojia na Kemia, lakini kwa uhaba wa walimu nimepewa pia Hisabati ya gredi ya saba. Nina wanafunzi 65 na vipimapembe vinane. Nimefundisha aina za pembetatu kwa wiki mbili. Majina wameyashika, hata wanayaimba. Lakini nikichora pembetatu pacha ikiwa imelala ubavu, wengi wanasema si pacha tena, na nikiigeuza kichwa chini kuna wanaosema si pembetatu kabisa. Kwenye zoezi, pembetatu butu waliiandika 'kali' kwa sababu ina pembe kali mbili. Msichana mmoja aliniuliza kama pembetatu yenye pande tatu sawa ni pacha pia. Nilimjibu hapana, kila pembetatu ina jina lake moja, kisha nikabaki na shaka. Tena kuna mvulana mmoja mchangamfu, mwepesi wa kujibu kwa mdomo, ila hawezi kusoma rula wala kunakili umbo kutoka ubaoni. Wenzake wanamwita mvivu. Nianzie wapi?"

Mwalimu, pole kwa mzigo huo, na asante kwa kuyaeleza makosa ya wanafunzi wako jinsi yalivyo. Wengi huandika tu kwamba watoto "hawaelewi". Wewe umesikiliza wanachosema, na dawa hutafutwa humohumo ndani ya maneno yao.

Nasikia pia hofu kwamba umeharibu mambo kwa sababu Hisabati si somo lako. Hofu hiyo iondoe. Makosa haya nayakuta hata kwa wanafunzi wa walimu waliosomea Hisabati tangu chuoni, kwa kuwa chanzo chake ni mpangilio wa mada yenyewe vitabuni: michoro mitatu ya pande, michoro mitatu ya pembe, jina chini ya kila mchoro, halafu zoezi. Mtoto aliyefundishwa hivyo hukariri sura. Umemuuliza jina la umbo, naye anatafuta kichwani picha inayofanana nalo. Makosa matatu ya kwanza uliyoyataja yanatoka hapo. Suala la mvulana ni jingine kabisa, nitalifikia mwishoni.

Najua darasani unatumia Kiingereza. Hapa nitatumia Kiswahili, nawe unaweza kuyatumia maneno haya unapoeleza, kabla hujaandika istilahi ya mtihani ubaoni. Kwa pande: pembetatu sawa ina pande tatu zinazolingana, pembetatu pacha ina pande mbili zinazolingana, na pembetatu guni haina hata pande mbili zinazolingana. Kwa pembe: pembetatu kali ni ile ambayo pembe zake zote tatu ziko chini ya digrii 90, pembetatu mraba ina pembe moja ya digrii 90 kamili, na pembetatu butu ina pembe moja inayozidi digrii 90. Hiyo fasili ya pacha usiishike kwa nguvu bado, maana ndiyo iliyozua swali la yule msichana.

Mwaka 1957, walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, waliwasilisha tasnifu zao katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Walitaka kujua kwa nini wanafunzi wenye akili nzuri hukwama kwenye jometri. Walieleza kwamba fikra za jometri hupanda kwa ngazi. Kwenye ngazi ya kwanza mtoto hutambua umbo kwa sura yake nzima. Kwenye ya pili huanza kuziona sifa zake: pande ngapi zinalingana, pembe ipi ni kubwa. Kwenye ya tatu hung'amua kwamba sifa moja huzaa nyingine. Ngazi zilizo juu ya hapo ni za uthibitisho, wala hazikuhusu kwa sasa. Jambo lenye uzito kwako ni kwamba umri peke yake haumpandishi mtoto ngazi. Kinachompandisha ni kazi anayopewa aifanye. Tena mwalimu na mwanafunzi walio ngazi tofauti hutamka neno moja wakiwa na maana mbili. Ukisema "pacha" wewe unaona pande mbili zinazolingana, yeye anaona umbo refu lililosimama wima katikati ya ukurasa. Ukililaza ubavu, kwake umeondoa kitu cha lazima.

Kwa hiyo anza kwa kuondoa kile kisicho cha lazima. Kata pembetatu pacha kubwa ya kadibodi, ishikilie ubaoni, izungushe polepole, na kila unaposimama uliza: upande gani umerefuka? Pembe gani imepanuka? Watajibu hakuna. Basi jina limebadilika kwa sababu gani? Waache wabishane. Halafu wapeleke nje ya geti, au uwape kazi ya kuangalia njiani. Alama ya barabarani ya kumwonya dereva ni pembetatu yenye ncha juu, na ile ya kumwambia awapishe wengine imegeuzwa, ncha chini. Zote mbili zina pande tatu sawa. Hakuna anayesema alama ya pili si pembetatu. Tangu siku hiyo, kila unapochora ubaoni, chora imeinama. Usichore tena hata moja iliyokaa chini vizuri mpaka wazoee.

Sasa twende kwenye lile jibu lako, kwamba kila pembetatu ina jina moja. Hapo ndipo penye kurekebisha. Majina haya ni majibu ya maswali mawili yasiyotegemeana: pande zinalinganaje, na pembe iliyo kubwa kuliko zote ina ukubwa gani? Mwanafunzi wa Nairobi anajua kwamba matatu ina namba ya ruti na ina sacco, yaani chama cha wenye magari. Ukimuuliza gari lile ni la ruti gani, hakujibu jina la sacco, na gari haliachi kuwa la ruti yake kwa sababu limejiunga na sacco fulani. Pembetatu nayo inajibu maswali yote mawili kwa wakati mmoja. Inaweza kuwa pacha na butu, au guni na mraba. Ukiwapa wanafunzi pembetatu, usiulize "hii ni aina gani?" Uliza maswali mawili, moja baada ya jingine, nao waandike majibu mawili.

Kosa la kuiita butu "kali" linahitaji maelezo yake, kwa kuwa fasili hizi mbili hazijajengwa kwa namna moja, na sioni vitabu vikilisema hili kwa sauti. Butu yatosha iwe na pembe moja butu. Kali sharti zote tatu ziwe kali. Mwanafunzi wako aliona pembe kali mbili kati ya tatu akahesabu walio wengi, na kwa mtu ambaye hajaelezwa huo ni uamuzi wenye akili. Mwonyeshe kwamba kila pembetatu duniani ina pembe kali mbili au zaidi. Pembe tatu zikijumlishwa hupata digrii 180. Mbili zikiwa za digrii 90 kila moja, ya tatu haibaki na kitu. Kwa hiyo kuwa na pembe kali mbili hakutofautishi pembetatu yoyote na nyingine. Pembe kubwa ndiyo inayotofautisha, na hiyo ndiyo ya kupima.

Kupima huko hakuhitaji kipimapembe, na hapa nadhani utapumua. Mwambie kila mwanafunzi achukue karatasi yoyote, hata iliyochanika, aikunje mara moja, kisha aikunje tena mkunjo wa kwanza ulale juu yake wenyewe. Kona inayopatikana ni digrii 90 kamili. Wanafunzi 65 watakuwa na vipimo 65. Kuweka pembetatu kwenye kundi lake huhitaji tu kuiweka kona ile kwenye pembe kubwa na kuona: imetosha, imebaki nafasi, au imefunikwa. Vile vipimapembe vinane vihifadhi kwa siku ya kutaka digrii zenyewe. Na hata siku hiyo waanze na kona ya karatasi, kwa sababu kipimapembe kina safu mbili za namba, na kosa la kila darasa ni kusoma 120 mahali pa 60. Aliyekwisha kuona kwamba pembe ni ndogo kuliko kona yake hawezi kuandika 120 bila kujishtukia.

Narudi kwa msichana wako. Swali lake lina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Euclid, aliyeandika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alifasili pembetatu pacha kuwa yenye pande mbili tu zinazolingana, akaitenga na ile yenye pande tatu sawa. Jibu ulilompa lina ukoo mkubwa. Lakini hisabati ya leo husema "angalau pande mbili", na kwa fasili hiyo kila pembetatu sawa ni pacha pia. Sababu yake ni ya kikazi. Ukishaonyesha kwamba pande mbili zikilingana, pembe zinazozitazama nazo hulingana, hukumu hiyo inaishika pembetatu sawa bila kuanza upya: chagua pande mbili zozote, pembe zake zinalingana, chagua mbili nyingine, vivyo hivyo, basi zote tatu zinalingana, na kwa kuwa jumla ni 180, kila moja ni digrii 60.

Maneno matupu hayatamtosheleza mtoto wa gredi ya saba, kwa hiyo mfanyie bawaba. Kata vipande viwili vya kadibodi ngumu, kila kimoja sentimita 10, vifunge ncha moja kwa pini, na ncha mbili zilizobaki uziunganishe kwa mpira wa kufungia pesa. Mpira ndio upande wa tatu. Fungua polepole. Mwanzoni ni pembetatu nyembamba, pacha na kali. Mpira ukifika sentimita 10, pande zote tatu zinalingana. Endelea kufungua: bado pacha, bado kali, hadi mpira ufikapo kama sentimita 14.1, ambapo kona ya karatasi inatosha sawasawa. Ukizidisha hapo ni butu, inazidi kulala, na kwenye sentimita 20 vipande vinanyooka na hakuna pembetatu tena. Sasa muulize: pande mbili za kadibodi hazikubadilika hata kidogo. Ilipopita kwenye sentimita 10, je, iliacha kuwa pacha kwa nukta ile moja kisha ikaanza tena? Nimeona wanafunzi wakilijibu swali hili kwa uhakika kuliko watu wazima.

Ningekushauri umwambie msichana huyo mbele ya darasa kwamba swali lake limekufanya ulitafute jibu. Kisha waambie wote: kwenye mtihani, mkiulizwa jina la pembetatu yenye pande tatu sawa, andikeni jina mahususi zaidi, yaani pembetatu sawa. Baadhi ya vitabu vya shule bado vinaandika "pande mbili" bila neno "angalau", na mtoto hapaswi kupoteza alama kwa ajili ya mgogoro wa fasili.

Mpaka hapa nimezungumzia kurekebisha. Kama ningekuwa na kipindi kimoja tu cha kukupa, ningekupa cha vijiti. Nunua vijiti vya kuchokonolea meno; ni rahisi na havina baruti kama njiti za kiberiti. Ukigawa darasa makundi 13 ya watu watano, na kila kundi likapata vijiti 15, unahitaji 195. Kwanza waambie watumie 12 peke yake, vyote bila kubakiza, kujenga pembetatu. Upande mmoja unaweza kuwa na vijiti vingi vilivyopangwa kwa mstari, ila hakuna kuvunja. Je, wanaweza kupata pembetatu ngapi tofauti?

Zipo tatu tu: 4-4-4, 5-5-2 na 5-4-3. Usiwaambie. Watajaribu 6-3-3 na kushangaa pande mbili fupi zinalala chali juu ya ule mrefu. Watajaribu 7-3-2 na ncha hazitafikiana kabisa. Mtoto aliyeyaona hayo kwa mikono yake amegundua sheria kwamba pande mbili zozote zikijumlishwa lazima zizidi ule wa tatu. Na tazama zilizopatikana: moja ni sawa, moja ni pacha, na ya tatu, 5-4-3, ni guni yenye pembe mraba. Fundi wa jua kali anayepima kona ya msingi wa nyumba kwa kamba ya futi 3, 4 na 5 anatumia pembetatu hiyohiyo. Ukimjua fundi aliye karibu na shule, mwombe aje kwa dakika kumi na kamba yake. Watoto humwamini mtu wa kazi.

Kisha waondoe kijiti kimoja, vibaki 11. Sasa zinapatikana nne: 5-5-1, 4-4-3, 5-3-3 na 5-4-2. Mbili za mwisho zina pembe butu; 5-3-3 ni pacha na butu kwa pamoja, jambo ambalo wanafunzi wako walidhani haliwezekani. Wapime pembe kubwa ya kila moja kwa kona ya karatasi, wala usiharakishe hapa. Kundi moja litasema 5-4-2 ni kali, jingine litakataa, nawe utakuwa na dakika tano za hisabati ya kweli bila kufungua mdomo.

Baada ya hapo chora ubaoni jedwali lenye visanduku tisa: sawa, pacha na guni kwa upande mmoja, kali, mraba na butu kwa juu. Kila kundi lilete pembetatu na kusema inakaa wapi. Katika jedwali hili, pacha iwe na maana ya "mbili tu", ili visanduku visiingiliane, na uwaeleze hivyo wazi. Watajaza sawa-kali, pacha-kali, guni-mraba, pacha-butu na guni-butu. Vinabaki vinne vitupu, na hivyo vinne ndivyo vyenye utamu.

Guni-kali kinawezekana, ila vijiti 12 havitoshi. Inayotumia vijiti vichache kuliko zote ni 6-5-4, ambayo inamaliza vijiti vyao 15. Pembe yake kubwa ni karibu digrii 83, hivyo kwa macho inaonekana kama mraba. Bila kona ya karatasi watakosea, na ni vizuri wakose hivyo mbele yako.

Pacha-mraba pia kipo, lakini hawatakipata kwa vijiti vizima hata uwape gunia zima. Pande mbili zinazolingana zikiwa vijiti vizima, upande wa tatu ni urefu huo mara kipeuo cha pili cha 2, ambacho si namba nzima wala sehemu ya namba nzima. Wape karatasi ya mraba, waikunje kona kwa kona, na hiyo hapo. Wanafunzi wengi wa gredi ya saba hawako tayari kwa sababu yenyewe, lakini wako tayari kabisa kujua kwamba ipo, na wakifika kwenye Pythagoras utawakumbusha.

Viwili vilivyobaki, sawa-mraba na sawa-butu, ni vitupu milele. Usiseme ni kwa nini. Uliza. Mtoto atakayesema "pande zote zikilingana pembe zote ni 60, kwa hiyo haiwezi kufika 90" ameshapanda ngazi ya tatu ya akina van Hiele, hata kama jana aliikana pembetatu iliyogeuzwa. Kwa yule ambaye haridhiki na lolote, mpe mpira wa miguu au globu. Kutoka Ncha ya Kaskazini shuka mpaka Ikweta pale Nanyuki, fuata Ikweta kuelekea magharibi kwa robo ya mzunguko wa dunia, hadi karibu na Macapá huko Brazil, kisha rudi Nchani. Hapo una pande tatu zinazolingana na pembe tatu za digrii 90. Digrii 180 ni za bapa, na aliyeuliza amejua sasa kwamba ubapa wa karatasi yake nao ni dhana mojawapo.

Kuhusu hizo 180, utaona vitabu vikipendekeza kukata kona tatu za pembetatu ya karatasi na kuzipanga ziwe mstari mnyoofu. Fanya, ni zoezi zuri na halina gharama. Ila usiliite uthibitisho. Linaonyesha kwamba jambo hilo ni kweli kwa karatasi ile, kwa kadiri macho yanavyoona. Uthibitisho ni kuchora kupitia ncha ya juu mstari ulio sambamba na upande wa chini, na kuziona pembe mbili za chini zikijitokeza tena pale juu. Kama wamekwisha kusoma pembe za mistari sambamba, dakika kumi zinatosha.

Nyimbo usizipige marufuku. Zinasaidia kukumbuka istilahi, hasa kwa mtoto anayezisikia kwa Kiingereza kigeni, lakini zinakuja baada ya vijiti. Programu ya GeoGebra ni ya bure na hufanya kazi hata kwenye simu. Mwanafunzi akiivuta ncha ya pembetatu anaona pande na pembe zikibadilika papo hapo. Kwa darasa la 65 na simu moja, hata hivyo, watano wataona na sitini watasukumana, kwa hiyo kama shule haina projekta, itumie wewe mwenyewe nyumbani kujiandaa. Mazoezi ya kuchapisha nayaweka mwisho. Yakitumika, yawe na pembetatu zilizoinama, na baadhi zenye vistari vya kuonyesha pande zinazolingana huku mchoro wenyewe ukidanganya jicho, ili wajifunze kusoma alama kuliko kuamini sura. Na kwenye jaribio uliza maswali kama haya: "Chora pembetatu pacha na butu. Sasa chora sawa na butu, au ueleze kwa nini haiwezekani." Swali la aina hiyo haliimbiki.

Yote hayo yanakula vipindi kama vitatu au vinne. Najua ratiba inabana. Kama lazima upunguze, acha globu, acha uthibitisho wa mistari sambamba, lakini vijiti na visanduku tisa usiviache. Ukitaka mtu wa kukaa nawe mkapanga, mwombe mkuu wa shule akuunganishe na afisa wa kusaidia mtaala, CSO, wa zoni yenu, au aulizie mafunzo ya CEMASTEA iliyoko Karen, ambayo kazi yake ni kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi. Kwa mtu aliyepewa somo asilolisomea, kuomba msaada huo ni haki yako.

Sasa mvulana. Kitu kimoja nina uhakika nacho kutokana na maelezo yako: mtoto mchangamfu anayejibu vizuri kwa mdomo na kushindwa kwenye rula na ubao hastahili kuitwa mvivu, na jina hilo likomeshwe darasani leo. Sababu yenyewe siwezi kuijua nikiwa mbali, wala wewe usijaribu kumpa mtoto jina la ugonjwa. Unachoweza kufanya ni kuchunguza kidogo, bila kumwaibisha. Mlete kiti cha mbele kwa wiki. Mpe umbo lilelile kwenye karatasi, karibu na mkono wake, anakili. Akiweza kutoka kwenye karatasi na kushindwa kutoka ubaoni, macho ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kwenye rula, tazama anapoanzia: wapo wanaoanzia kwenye 1, au kwenye ukingo wa plastiki badala ya sifuri, na hao husaidika kwa siku moja. Mpe vijiti ajenge 5-3-3 na akueleze kwa maneno. Akieleza vizuri alichojenga ila hawezi kukichora hata kwa kukifuatisha, kuna jambo linalohitaji mtaalamu.

Huenda ni ugumu wa kuunganisha jicho na mkono, huenda ni ugumu wa namba unaoitwa diskalkulia, huenda ni kitu kingine. Upimaji wa namna hiyo hufanywa na vituo vya tathmini ya elimu, EARC, na pia KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya, kule Kasarani, ambako kuna wataalamu wa kutathmini watoto wenye changamoto za kujifunza. Usingoje mwisho wa muhula. Kadiri gredi zinavyopanda, ndivyo maswali ya kuchora yanavyoongezeka, naye atajifunza kujificha. Wakati mnasubiri, mruhusu ajibu maswali ya pembetatu kwa mdomo na kwa vijiti, na umpe alama kwa anachokijua.

Mzazi mwite faragha, bila kalamu nyekundu mezani. Mwonyeshe daftari na vijiti kwa pamoja, ili aone anachoshindwa mtoto kuandika na anachoweza kujenga. Mwombe aanze na kliniki ya macho, arudi na karatasi ya majibu, na hapo mwandike pamoja barua ya kwenda kwenye tathmini.